Neno la Mwisho Halisemwi Mazoezini

Picha yake ilitundikwa kwenye ujia wa mlango wa nyuma wa jumba la maonyesho, mkabala na kiti cha baba. Bwana wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria, masharubu yamesokotwa, macho ya mtu anayejua kuwa anatazamwa. Baba alikuwa bawabu pale: kazi yake kutunza funguo na kuwaamkia waigizaji waliompita bila ya kumwona. Basi miaka nenda miaka rudi walitazamana wao wawili tu, hata baba akamjua bwana yule kuliko alivyowajua ndugu zake.

Kila Jumapili, tukila wali, alitusimulia habari zake upya, kana kwamba Jumapili iliyopita hatukuwapo. Mtoto wa fundi viatu. Alitoroka kwao kufuata kundi la waigizaji, akalala mazizini, akazomewa mji baada ya mji. Mwisho akalikodi jumba lile, akawa anatunga michezo mwenyewe, anaiigiza mwenyewe, na jioni ya maonyesho anasimama mlangoni kupokea watu, halafu anakimbia nyuma kuvaa taji. "Kama mimi," baba husema, na hapo mama huinuka akatoa vyombo.

Lakini kweli walifanana. Unguja baba alikuwa mwalimu mwenye kundi lake la michezo; alitunga, aliigiza, na pazia alilishona mwenyewe kwa mashuka ya mama. Mchezo wake wa mwisho haukuonyeshwa. Mapinduzi yalikuja ukiwa bado mazoezini, kundi likatawanyika, na sisi tukaishia London, katika vyumba viwili vyenye unyevu juu ya duka la mazulia.

Sasa, bwana wa pichani alikuwa na mwiko, ambao wengi wa wenzake wa siku zile waliushika: neno la mwisho la mchezo halisemwi mazoezini. Husemwa mbele ya watu tu. Ukilisema mbele ya viti vitupu, umeshaufunga mchezo kabla haujafunguliwa. Baba alipousikia mwiko huo aliyakumbuka mazoezi yake. Kule Unguja wao walilisema kila siku. Mtu mzima, kasoma, akajitia akilini kuwa yote yaliyotupata yalitokana na hilo. Mama alimwambia la kuvunda halina ubani, aache. Hakuacha.

Akautunga mchezo upya, wa baba na binti yake walio ugenini. Akakusanya watu wa kwetu, akapata ukumbi nyuma ya Edgware Road, mimi akanipa ubinti, ubaba akauchukua yeye. Mwishoni binti anauliza, "Baba, kwetu tutarejea lini?" Baba anajibu, pazia linafungwa. Mazoezini niliuliza, na yeye, badala ya kujibu, kila mara alipiga makofi mawili: basi, mpaka wiki ijayo. Nilimwomba aninong'oneze japo mimi peke yangu.

"Utalisikia siku yake, mwanangu," alisema. "Nataka ulisikie kwa mara ya kwanza, uso wako usidanganye."

Nilichukia. Swali lile kwangu halikuwa la mchezo.

Majani ya miti yalipoanza kuoza njiani, baba alianguka bafuni. Kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na ulimi. Nilimtia kalamu mkono wa kushoto. Akachora mistari, akaitazama, akalia. Nilipokwenda kuchukua koti lake kazini, nilimkuta bwana wa pichani ananitazama na masharubu yake. Nikaigeuza picha ikaelekea ukutani. Mchezo nao nilitaka uvunjwe, lakini baba aliishika nguo yangu ya kuigizia, hakuiachia mpaka nilipokubali.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa watu na makoti yao yaliyolowa. Rafiki yake, mpishi wa mgahawa, aliigiza nafasi ya baba. Maneno yote aliyajua ila lile moja. Tulipatana kwamba nikishauliza tu, pazia lifungwe. Baba tulimweka mbele kabisa, katika kiti cha magurudumu.

Nikauliza. Mpishi hakunitazama mimi, alimtazama baba. Mwenye kamba ya pazia naye akamtazama, akasahau kuvuta. Watu wetu hawajui kukaa kimya mbele ya mchezo. Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Mjibu mtoto."

Baba alifungua mdomo. Ilitoka sauti, si neno. Akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni. Halafu akainua mkono wake mzima, akapiga paja mara mbili, kama makofi yake ya mazoezini.

Watu wakadhani ndio mwisho wenyewe. Wakashangilia, wengine wakilia, na baadaye waliniambia hawajapata kuona mchezo mzuri kama ule. Baba hakuumaliza msimu ule wa baridi. Pazia lilipofungwa usiku ule, mimi nilikuwa bado nimesimama palepale, nasubiri anijibu.