Ligombo la Mama

Harufu ya majani mabichi ya chai yakikaushwa kiwandani ndiyo iliyotuamsha kijijini Igowole, ukungu ukiwa bado haujapanda kutoka mabondeni. Jikoni, juu ya moto, lilining'inia ligombo la babu: gogo lililochongwa mfano wa hori dogo, kibuyu mwishoni, uzi ukienda na kurudi juu yake. Mama alijifunza kulipiga kwa babu, ingawa wazee walinung'unika kwamba si kazi ya mwanamke. Alipoanzisha kwaya ya wachuma chai katika usharika wetu wa Kilutheri hakuwa na kinanda, basi akaliingiza ligombo kanisani, na kwaya akaiita Ligombo. Jumapili akipiga, vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa chai.

Mwalimu Sanga alikuja kutufundisha sauti nne. Alikula ugali wetu, akazijua nyimbo za mama zote, kisha akahamia Mbeya. Haukupita muda tukasikia huko kuna kwaya inaitwa Ligombo, ina kanda iitwayo Ligombo, na kijitabu cha nyimbo, Ligombo vilevile, yeye akiwa mtunzi kwenye jalada. Mama alisema jina si shamba, halina mpaka. Nilikuwa darasa la nne, na sikukubaliana naye hata kidogo.

Mwaka huohuo tukaalikwa tamasha la kwaya Mbeya. Mshereheshaji alipoita Kwaya ya Ligombo, zilisimama kwaya mbili. Watu wakacheka. Mwalimu Sanga, amependeza kwa suti, akamgeukia mama mbele ya umati.

"Mama, ninyi semeni tu mnakotoka. Jina lina wenyewe."

Tukaimba kama Kwaya ya Igowole, na njiani kurudi hakuna aliyeanzisha wimbo. Tangu siku hiyo hakuligusa tena ligombo. Lilirudi juu ya moto, likaliwa na masizi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikua nikawa mshereheshaji, na sitadanganya kwamba ilitokea tu. Mwaka jana kwaya ya Mwalimu Sanga ilikuja Iringa kwa jubilei yake, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Desturi ya matamasha yetu ni kwamba kwaya ikipanda jukwaani hueleza kwanza maana ya jina lake. Mzee Sanga alieleza kwa ufasaha habari za ala ya Wahehe. Alipomaliza nikampelekea ligombo la babu, nililolifuta masizi kwa mkono wangu.

"Kamwene, mwalimu," nikamsalimu kwa Kihehe. "Tupigie kidogo tu."

Alilishika juu chini, nyuzi zikimtazama tumbo. Mabibi waliokaa nyuma wakaanza kucheka, ukumbi mzima ukafuata. Nikalichukua, nikatangaza Kwaya ya kutoka Mbeya. Nilisikia utamu, na sikuona haya.

Siku hizi ukiliandika jina hilo kwenye simu inakuja kwaya yake, kanda yake, jarida fulani la vijana, hata mwimbaji mmoja wa kizazi kipya mwenye miwani nyeusi. Hao wengine sina ugomvi nao. Mama hayumo popote. Nilipomsimulia ya Iringa alinigombeza mpaka chai ikapoa: mtu mzima haaibishwi, mwalimu ni mzazi, nimekosa adabu. Kisha akakitazama kikombe.

"Hebu nionyeshe tena," akasema, "alilishikaje?"