Chupa Nne za Maji Machafu

Kwa miaka kumi na minane Mama Sabuni alipika sabuni nyuma ya nyumba yake, kwa masufuria mawili na mwiko mrefu kuliko yeye. Sasa alikuwa amepata banda kando ya mfereji, afungue kiwanda kidogo. Kilichobaki ni cheti cha mazingira, na mwenye banda alikwishasema hangoji kupita mwisho wa mwezi.

Afisa wa mazingira alitaka kwanza kuona anavyopika nyumbani. Basi siku ya ukaguzi Mama Sabuni na wifi yake waliamka alfajiri wakasugua sakafu, mapipa, hata mtaro wa majitaka, mpaka wifi, ambaye ulimi wake haukujua likizo, akasema mgeni atavua viatu mlangoni.

Afisa alikuja na chupa nne tupu. Akazunguka, akachungulia mtaro, akauliza majitaka yako wapi. Mama Sabuni akajibu kwa fahari kwamba hakuna hata tone.

"Basi mama, sina cha kupima," akasema afisa kwa upole. "Bila sampuli hakuna ripoti. Na zamu yangu ya kurudi huku ni mwezi ujao."

Mama Sabuni akahesabu siku: mwezi ujao banda lingekuwa la mwingine.

"Wifi," wifi yake akanong'ona, "tumesugua mpaka cheti kimeondoka na uchafu."

Mama Sabuni hakucheka. Alimuuliza afisa kama anaweza kukaa hadi saa nane, akamvutia kiti, akawasha jiko. Alipika mbele yake kama anavyopika siku zote, akaosha masufuria, na maji mazito ya kijivu yakashuka mtaroni. Afisa alijaza chupa zake, kisha akachovya kikaratasi cha kupimia ukali. Kikageuka buluu iliyokolea.

"Makali haya," akasema.

Mama Sabuni angeweza kunyamaza. Badala yake alimwonyesha yanakoishia: matuta ya mchicha ya jirani, yenye ukingo uliokauka. Siku zote alikuwa akilisingizia jua.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba bandani zichimbwe karo mbili, yaani mashimo ya majitaka, maji yatulie humo na kupunguzwa ukali kabla ya kufika mfereji. Ijumaa hii angepita upande wa bandani kwa kazi nyingine; akiikuta karo ya kwanza tayari, atapendekeza cheti kitolewe.

Mama Sabuni akauliza kina. Afisa akasema kifike kifuani.

"Kifua cha nani?" akauliza wifi, aliyekuwa mfupi kuliko wote, huku tayari ameshika jembe.