Mkono kwenye Sinia

Mwaka 2012 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue mwili, kisha nikarudi kazini Kakuma. Daktari alisema nile kidogo, nitafune sana, na nisinywe maji wakati wa kula. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni sinia.

Mchana, kama nilivyozoea kabla ya upasuaji, nilikula dukani kwa rafiki yangu Msomali, pamoja na wapakiaji wake, sinia moja la wali na nyama ya mbuzi. Kwao mgeni akiacha kula na kunawa mikono, wenyeji nao huacha na kunawa, hata kama hawajashiba. Siku ya kwanza baada ya kurudi nilimeza matonge machache, nikanawa. Wote wakanawa. Wapakiaji wakarudi juani na njaa yao, wakinitazama kwa upole ulioniudhi.

Kuanzia hapo nikawa sitoi mkono siniani. Nilitafuna tonge moja mpaka likawa uji, huku vidole vikisukuma nyama upande wao.

Nilidhani hakuna aliyeona. Mwaka uliofuata mwenye duka alinimwagia maji ya kunawa, akacheka. “Zamani, ndugu yangu, ukija na tumbo lile tulikuwa tunakula mbio kabla hujatumalizia. Siku hizi tunashiba.”