Sabato Tuliyoshinda Tuzo ya Video

Miaka ya tisini nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu pale Rodi Kopany, na nilikuwa katibu pia. Mwaka mmoja tukarekodi video. Mpiga picha tulimtoa Kisumu, mtu wa kupiga harusi. Alitupanga juu ya mawe kando ya ziwa kule Homa Bay, akatuamuru tutabasamu kama watu waliokombolewa. Katikati ya ubeti wa pili korongo mmoja mwenye upara akapita mbele yetu polepole, akasimama, akatukagua, akaenda zake. Mpiga picha hakumwondoa. Alisema mashine yake haijui kuondoa kitu.

Kumbe korongo ndiye aliyetupeleka mbali. Barua ikaja kutoka Nairobi: tumeteuliwa kuwania tuzo za video bora za mwaka, upande wa nyimbo za dini, na waamuzi wamevutiwa na ubunifu wetu wa kutumia viumbe wa asili. Mwenyekiti wa kwaya aliisoma barua ile kanisani mara tatu. Kufikia mara ya tatu, korongo alikuwa wazo lake.

Shida ilikuwa moja. Sherehe ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni siku ya Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni. Sisi ni watu wa Sabato, na Sabato haiishi mpaka jua lizame. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkali kutushinda wote. Aliwahi kumshtaki dada mmoja kwa kupiga pasi Jumamosi alasiri.

"Nairobi nitaenda," alituambia, "lakini nitakaa nje ya ukumbi mpaka jua lizame. Na ninyi huku, asiangalie mtu televisheni."

Siku yenyewe tulikusanyika mbele ya hadiwea, duka la misumari na mabati la jirani yetu, Mkatoliki aliyekuwa na televisheni ya betri ya gari. Yeye hakuwa na ugomvi na Jumamosi. Mzee wa kanisa akawaza sana, kisha akatoa mwongozo: viti vielekee barabarani, migongo iwe kwa televisheni, maana kusikia si kutazama. Basi tukakaa na nguo zetu za kanisa, tukiitazama barabara ya Rongo kwa umakini ambao barabara ile haijawahi kuupata.

Mkatoliki akawa macho yetu.

"Amepanda mheshimiwa fulani. Anahutubu." Baada ya muda mrefu: "Bado anahutubu." Halafu: "Sasa wamekuja wasichana wa kucheza."

"Wamevaa nini?" mzee akauliza.

"Mzee, unataka kujua kwa nini?"

"Niwaombee."

Mara tukasikia wimbo wetu wenyewe nyuma yetu. Shingo zilikaza. Kisha jirani akapiga kelele, "Yaye! Mmeshinda!"

Tukapiga makofi tukiielekea barabara. Mtu mmoja aliyepita na baiskeli alidhani tunampigia yeye, akatupungia mkono.

"Lakini ngojeni," jirani akasema. "Huyu si mwenyekiti wenu? Anapanda jukwaani. Na jua bado liko juu hivi!"

Niligeuka. Nilisikia viti vikilia kila upande. Alikuwa yeye kweli, amekumbatia tuzo, anamshukuru Mungu na kampuni ya sabuni iliyodhamini sherehe.

Wiki iliyofuata baraza la kanisa likaketi, na wanakwaya tukaitwa.

"Niliingia jua limeshazama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Nairobi iko mashariki. Jua la kule hutangulia."

"Hutangulia dakika chache tu," mwanakwaya mmoja, mwalimu wa jiografia, akanong'ona, lakini si kwa sauti ya kuandikwa.

Mzee akatugeukia. "Kuna aliyemwona akipanda kabla ya wakati?"

Kusema ulimwona ni kusema uligeuka. Kila mtu alikuwa akikagua viatu vyake. Sijui nini kilinisukuma. Labda nilimkumbuka yule dada wa pasi. Nikasimama.

"Mimi nilimwona, mzee. Jua lilikuwa bado."

"Ulimwonea wapi, nyathina, mwanangu?"

"Kwenye televisheni."

"Siku gani?"

"Sabato."

Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nilisimamishwa kuimba miezi mitatu. Aliyenisomea uamuzi ni mwenyekiti, kwa sauti ya baba anayeumia, na kwa kuwa nilikuwa bado katibu, niliuandika mimi mwenyewe.

Miezi ile nilikaa benchi la nyuma, nimejaa hasira, nikiwasikiliza wakiimba bila mimi. Iliniuma zaidi kwamba walikuwa wanaimba vizuri. Nilipofikiria kuacha kanisa, mama yangu aliniuliza ningeenda kumwimbia nani, nikabaki kwenye benchi langu.

Mwezi wa nne nikarudi mahali pangu. Hakuna aliyeligusa jambo lile, ila mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwa amekagua viatu vyake kuliko wote siku ya baraza. Aliinama sikioni mwangu wakati wa maombi.

"Lakini ile tai ya mwenyekiti ilimkaa vizuri pale jukwaani," akanong'ona. "Au sio?"