Siku Niliyokuwa Wakili wa Mama Mdogo

Hii aibu nimeibeba tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na mkicheka sitawalaumu, maana hata hakimu mwenyewe kicheko kilimshinda.

Nilikuwa fundi cherehani Tabora mjini, na ugonjwa wangu ulikuwa sinema za kesi, zile ambazo wakili mwenye joho jeusi anasimama, anapunga mkono, anasema "Napinga, mheshimiwa," na shahidi mwongo anaanza kutetemeka (redioni nako kulikuwa na michezo ya namna hiyo, nashona huku nimetega sikio mpaka najidunga sindano). Basi nikapata habari kwamba mama mdogo wangu wa Ziba ameshitakiana na jirani yake, Mzee Masanja, wanagombea mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, kila mmoja anasema wake, kwa sababu ng'ombe walichanganyika watu walipohamia kijiji kipya. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikashona joho, nikadandia lori.

Asubuhi ya kesi gauni langu lilikuwa vumbi tupu la safari, nikalifua, nikaamua kuvaa joho juu ya shumizi tu (nani atajua?).

Kuingia mahakamani, watu wote wakasimama. Mzee Masanja, mtu wa kunizaa, akainama: "Shikamoo, mheshimiwa." Na mimi, badala ya kusema mimi si hakimu, nikajibu, "Marahaba, kaeni." Wakakaa. Kwa hiyo hakimu wa kweli alipoingia na suti yake ya Kaunda hakuna aliyenyanyuka, na bibi mmoja akamnong'oneza, "Mwanangu, kaa upesi, hakimu ameshafika."

Hakimu akanitazama. "Wewe nani?"

"Wakili wa mama mdogo, mheshimiwa."

"Mahakama ya mwanzo haina mawakili. Vua hilo joho ukae."

"Napinga, mheshimiwa."

"Unapinga nini?"

"Kuvua."

Askari akaanza kunisogelea, nikajiona tayari niko rumande, ikabidi niseme kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia: "Mheshimiwa, humu ndani nina shumizi tu."

Wazee wa baraza wakafunika nyuso, hakimu akageukia dirishani, mabega yanamcheza. Mama mdogo akaja kunifunga khanga. Mzee Masanja, ambaye hakuwa akisalimiana naye tangu masika, akacheka mpaka akamshika mama mdogo bega asianguke.

"Dada, huyu umemtoa wapi?"

"Wa dada yangu, nifanyeje," mama mdogo akajibu huku anafuta machozi.

Wakaanza kuongea palepale, na hakimu akawaacha waongee, mpaka wakakubaliana: mtamba abaki kwa mama mdogo, ndama wa kwanza aende kwa Masanja. Hakimu akaandika hivyohivyo.

Watu wakanipa mkono kama niliyeshinda kesi, nami sikuweza kunyanyua macho. Sinema sikuacha. Ila nimeapa, ndugu yangu akiwa na kesi nitampikia chai, nitamwombea dua, nitamsindikiza mpaka mlangoni, kisha nitabaki nyumbani, tena nimevaa kamili.