Matanga ya Duka la Magari

Walisema sitauza hata gari moja. Walisema mchanga wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, umewashinda punda, sembuse gari jipya lenye kiyoyozi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyasema hayo barazani kwangu, mdomo umejaa wali wangu: "Shemeji, hapa mtu ananunua pikipiki kwa kudunduliza. Gari utamuuzia nani, kaa wa pwani?"

Juma lililofuata alinikopesha fedha, kwa kuogopa faida isije ikaenda kwa mwingine.

Nami niliuza. Nitajisifu mwenyewe maana wengine hawatanisifu: kuanzia Quiterajo mpaka Namoto hapajapata kutokea mtu mwingine aliyekuwa wakala wa kiwanda cha magari. Nilikwenda Dar es Salaam nikiwa mbeba betri, nikarudi na diploma ya ufundi wa magari. Niliitundika dukani mahali ambapo mteja angeiona kabla hajaona bei. Kazi za gesi zilipopamba moto, makampuni yalikuwa yakichukua pikapu mbilimbili. Safari moja nilishusha bei nikamnyang'anya mteja wakala wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Mtu akasafiri kutwa nzima kuja kununua kwangu. Hadithi hiyo niliisimulia mpaka mke wangu akawa anaimalizia yeye.

Halafu kazi zikasimama. Kambi zikafungwa, wageni wakaondoka, na pikapu nne zikabaki uani. Wakala hununua gari kiwandani kwanza, ndipo auze. Kwa hiyo zile nne zilikuwa zangu, kwa fedha za kukopa. Shangazi yangu alikuwa ameuza shamba la minazi ili anisaidie. Baba mkwe alitoa akiba ya hija. Wa tatu ndiye shemeji. Kila asubuhi nilifuta vumbi, nikawasha injini moja moja ili betri zisife. Kukaa sikuweza. Nilitoka barabarani, nikarudi, nikatoka tena, kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha kupita.

Aliyekuja ni mtu wa kiwanda, na vijana wawili na ngazi. Walifuata bango la kiwanda lililokuwa juu ya mlango wa duka.

"Duka langu, pikapu nimezinunua mimi, mishahara nalipa mimi," nilimwambia. "Mkinifunga mnaokoa nini?"

Hakunijibu kwa jeuri. Alikunywa maji, akaitazama diploma, kisha akaniita kama mafundi wanavyoitwa kwetu: "Mestre, ulipomchukua yule mteja wa Pemba, kiwanda kiliuza magari mangapi?"

"Moja."

"Na bila wewe?"

Nilimwongezea maji.

"Moja hilo hilo, kwa bei nzuri. Na kila wakala tunampelekea vipuri, tunamfundishia mafundi, tunamrudishia gharama gari la mteja likiharibika ndani ya dhamana. Wateja wakipungua, heri wakala mmoja aliyeshiba kuliko watatu wenye njaa. Wenye njaa wanashushiana bei mpaka gari letu linaonekana la mnada."

Nilikasirika kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Sokoni pia, wakaanga badia watatu wakigombea mteja mmoja, anayeshiba ni mteja.

Bango likashushwa. Vikabaki vyuma viwili vitupu, na kufikia alasiri mji mzima ulijua.

Wadai wangu walikuja pamoja. Walitandika mkeka mbele ya duka, wakakaa kama watu wa matangani, miguu wamekunja, sauti chini.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema shangazi, na yeye alimaanisha.

Shemeji aliinua macho kwenye vile vyuma. "Marehemu ameacha wosia gani kuhusu madeni?"

"Hajafa."

"Mbona kavuliwa nguo?"

Baba mkwe alikohoa ili asicheke. Kisha shemeji akaacha mzaha. Nisipolipa kabla ya Ramadhani ya mwaka unaofuata, kiwanja hiki kinamfaa yeye. Mimi nirudi Dar, betri za kubeba hazijaisha. "Na matanga haya," akasema, "hayaanuliwi mpaka tulipwe."

Siku zile nilikula nimesimama. Nilizunguka mji nikitazama magari, na nilichokiona ndicho kilichoniokoa: asiyeweza kununua jipya haachi kusafiri, anatengeneza la zamani. Zile pikapu nne nilimuuzia wakala wa Pemba, yule yule, kwa bei aliyotaka yeye. Niliimeza. Fedha hizo nilivuka nazo mpaka wa Namoto kwenda Mtwara, safari hii nikiwa mnunuzi: vichujio, mikanda, springi, beringi. Duka likawa ofisina, karakana ya kutengeneza magari. Yalianza kuja magari niliyoyauza mwenyewe, yakafuata ya wengine, mwisho hata pikipiki. Pwani hii hakuna sikio linaloitambua injini mbovu kama langu, na waliokwenda kwingine walirudi. Lori la shemeji nililitengeneza pia. Nilimtoza bei kamili.

Ramadhani ilikuwa bado mbali nilipowaita wote watatu, Ijumaa baada ya sala. Nilitandika mkeka ule ule chini ya vyuma vile vile, mke wangu akaleta pilau. Shangazi alifunga fedha zake kwenye pindo la kanga bila kuhesabu. Baba mkwe alihesabu, akashukuru. Shemeji alihesabu mara mbili, akitafuta kasoro.

"Zimetimia?" nikamuuliza.

"Zimetimia."

"Basi kunja mkeka, shemeji. Anua matanga."

Alinitazama, akautazama mji uliokuwa ukitutazama, akainama kuushika. Shangazi alikuwa bado ameukalia, anamalizia pilau. Ikabidi shemeji asubiri, amejikunja, ncha ya mkeka mkononi.