Kompyuta Iliyovuta Salfa

Nimechoka kusimulia habari za ile kompyuta ya magemu, lakini watu bado wananiuliza.

Mimi na mdogo wangu tulibishania vipuri vyake kutwa nzima, huku tukipalilia shamba letu Chiungutwa. Kadi ya picha tulikubali iwe ya mtumba. Ramu tulichukua ndogo. Kwenye kasha tu ndipo tulipokataa kujibana: tulitaka lenye feni tatu mbele, maana chini ya bati joto la huku si mchezo. Wajuaji wote wa mtandaoni walisema hivyo hivyo, kompyuta lazima ipumue.

Ikapumua kweli. Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, kijiji kizima kiliamka alfajiri na mashine mgongoni kurusha salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri, na zile feni zikavuta vumbi lote la njano lililoingia dirishani. Kabla msimu haujaisha, kompyuta ikazima moja kwa moja. Fundi wa Masasi mjini alilifungua kasha, akanusa, akatuonyesha shaba iliyogeuka nyeusi.

"Nyie mmetoka kwenye mikorosho," alisema. "Hii imekula salfa."

Tulirudi nyumbani. Tulimkuta mama ndiyo kwanza anatoka shambani, kitambaa cha kujifunga puani kikining'inia shingoni. Tulimwamkia, tukamweleza yote. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Mimi hiyo salfa naivuta kila mwaka, wanangu," alisema. "Mbona hamjanipeleka kwa fundi?"